Ng'ombe Asiye na Mnunuzi

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie vita vya zaka vya Ireland, miaka ya 1830. Silaha kubwa ya wanakijiji ilikuwa kukataa kununua ng'ombe.

Kwanza mjue deni lenyewe. Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, na kanisa lililotambuliwa na serikali lilikuwa la Kianglikana. Lakini katika kila Wairlandi kumi, wanane hivi walikuwa Wakatoliki. Walimtunza paroko wao kwa jasho lao, kisha sheria ikawadai zaka, yaani fungu la kumi la mavuno, kwa ajili ya kasisi wa Kianglikana. Kulilipia kanisa usimosali! Tena malisho ya matajiri wenye makundi makubwa ya ng'ombe yalisamehewa kwa miaka mingi, ilhali sehemu za kusini hata viazi vya maskini vilihesabiwa. Mwaka 1823 sheria mpya ikaruhusu zaka igeuzwe kuwa fedha, na malisho nayo yakaingizwa. Hapo mkulima mkubwa na mdogo wakawa na kilio kimoja, na nadhani ndiyo maana mgomo wa kukataa kulipa ulienea upesi.

Ulianzia Graiguenamanagh, kaunti ya Kilkenny, kati ya mwisho wa 1830 na mapema mwaka 1831. Paroko Martin Doyle aliwashauri waumini waiweke mifugo yao chini ya jina lake ili isikamatwe. Askofu wake, James Doyle, aliwaunga mkono.

Asiyelipa alichukuliwa mifugo, ikapigwa mnada. Sasa tazameni wanakijiji walivyojipanga. Askari wakionekana barabarani, pembe ililia kilimani na kengele ya kanisa ikaitikia. Kila mtu akakimbiza ng'ombe wake zizini na kutia kufuli. Sheria haikuwaruhusu askari kuvunja kufuli, wala kukamata mifugo usiku, kwa hiyo ng'ombe walifungiwa mchana na kulishwa gizani. Na wale waliokamatwa? Siku ya mnada watu walifurika, dalali akataja bei, akataja tena, asipate wa kumjibu. Ng'ombe wakaswagwa hadi mji mwingine, na huko pia wakakosa mnunuzi. Serikali ilitumia fedha nyingi kudai fedha kidogo.

Natamani hadithi ingekuwa hiyo tu. Lakini Juni 1831, huko Newtownbarry, kaunti ya Wexford, watu walikusanyika kupinga mnada wa ng'ombe, askari wakawafyatulia risasi. Walikufa watu wasiopungua 12. Desemba mwaka huohuo, mahali paitwapo Carrickshock, umati ulikizingira kikosi cha polisi kilichomsindikiza mpeleka hati za madai. Kwenye njia nyembamba yenye kingo ndefu, mawe yakaruka na fimbo zikashuka. Polisi zaidi ya kumi waliuawa pamoja na mkuu wao, na wanakijiji watatu. Hao polisi nao walikuwa na mama zao, na wengi wao walikuwa Wairlandi. Haki ya wakulima ilikuwa wazi, lakini siwezi kukishangilia kifo cha hata mmoja wao.

Lililoniuma kuliko yote ni la Rathcormac, kaunti ya Cork, Desemba 1834, siku chache kabla ya Krismasi. Kasisi William Ryder alifika na wanajeshi nyumbani kwa mjane Ryan kudai shilingi 40. Majirani wakaziba njia, risasi zikalia. Watu wapatao 12 walikufa, akiwemo mwana wa mjane huyo.

Mwaka 1838 Bunge likapunguza zaka kwa robo na kuwatwika wenye ardhi kazi ya kuilipa. Nao wakaiongeza juu ya kodi ya shamba, hivi kwamba mkulima aliendelea kuilipa bila kuiona. Askari waliacha kufukuzana na ng'ombe, ila dhuluma yenyewe ilibaki hadi sheria ya 1869, iliyoanza kazi mwaka 1871, ilipolitenganisha kanisa la Kianglikana na serikali.