Ngoma Yetu Ndani ya Kompyuta



Kwaya na vikundi vya vijana hapa Awasi hupenda kurekodi nyimbo ili kupata kitu cha kuuza na kutunisha mfuko wa kikundi. Hata sisi tulifanya hivyo. Tulichanga pesa, tukapanda matatu hadi studio moja ya mjini, tukaimba siku nzima. Tuliporudi, wazee walisikiliza kisha wakauliza, "Na hii ngoma ni ya nani?" Kweli haikuwa yetu. Fundi aliweka ngoma za kompyuta zilezile anazowawekea watu wote, na mpiga ngoma wetu alikaa nje kwenye benchi mpaka jioni. Pesa imeenda, na wimbo umerudi kama mgeni.

Baadaye tulijifunza kufanya kazi hiyo wenyewe. Si ngumu.

Ngoma za kompyuta ni nini?

Nyingi ni ngoma za kweli. Mtu alipiga mbele ya maikrofoni, pigo moja moja, na kila pigo likahifadhiwa. Ukibonyeza, kompyuta inalitoa pigo lile. Mashine ya kwanza ya kutumia mapigo yaliyohifadhiwa hivyo, Linn LM-1, ilitoka Marekani mwaka wa 1980. Sasa basi, ikiwa wao waliweka drams zao, sisi tunaweza kuweka ngoma na kayamba zetu.

Mahitaji

Kompyuta moja, hata ya zamani kidogo, maikrofoni, hedifoni na programu mbili. Audacity ni ya kurekodi, Hydrogen ni ya kupanga ngoma. Zote mbili hazilipiwi.

Hatua za kufuata

1. Andaeni ngoma. Ngozi ikipata unyevu hulegea na sauti hubadilika. Iwekeni juani au karibu na moto kwanza, kisha rekodini mapigo yote siku hiyohiyo.

2. Tafuteni utulivu. Mvua juu ya mabati, malori ya barabara ya Kisumu–Kericho na vyura wa Kano, vyote vitaingia kwenye maikrofoni. Tundikeni mablanketi ukutani ili sauti isirudi.

3. Rekodini pigo moja moja katika Audacity. Pigeni polepole, wastani, halafu kwa nguvu. Pigeni katikati ya ngozi, kisha ukingoni. Acheni kila pigo lilie mpaka liishe. Kayamba pia vivyo hivyo.

4. Kateni kimya kilicho mwanzoni mwa kila pigo. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkiacha kimya kidogo tu, ngoma itachelewa kila mara na waimbaji watababaika. Hifadhini kila pigo kama faili ya WAV yenye jina linaloeleweka, kwa mfano "katikati-nguvu".

5. Ingizeni faili hizo katika Hydrogen. Kila chombo kinaweza kuwa na tabaka kadhaa. Wekeni pigo la polepole tabaka moja, la nguvu tabaka lingine. Hapo ukigusa kwa wepesi inatoka sauti laini, na ukikaza inatoka sauti kali, jinsi mkono unavyofanya.

6. Wekeni mwendo. Mwiteni mpiga ngoma apige, mwingine ahesabu mapigo ya dakika moja kwa saa. Mkipata 120, andikeni 120. Kama wimbo wenu unaenda kwa tatu tatu, chagueni vipimo vyenye herufi T, mfano 8T. Mkisahau hilo, ngoma itajikwaa mwanzo hadi mwisho.

7. Pangeni mapigo kwa kipanya, kipande kwa kipande: cha kuanzia, cha ubeti, cha kiitikio. Viungeni viwe wimbo mzima, kisha toeni faili moja ya WAV.

8. Fungueni faili hiyo katika Audacity. Waimbaji wavae hedifoni, waimbe wakiifuata. Ngoma ikitokea kwenye spika, maikrofoni itaichukua mara ya pili.

Mambo ya kuangalia

Kompyuta hupiga sawasawa mno, na binadamu hapigi hivyo. Badilisheni nguvu za mapigo, lingine juu, lingine chini. Hydrogen ina vibonye vya kuyumbisha nguvu na wakati. Viongezeni kidogo tu.

Wenye kinanda cha MIDI wanaweza kupiga kwa vidole. Kwa mpango uliokubaliwa tangu 1991, namba 36 ni ngoma kubwa ya mguu na 38 ni ile ndogo yenye waya chini. Mkibonyeza na kusikia chombo kingine, angalieni namba hizo. Sauti ikichelewa baada ya kubonyeza, punguzeni bafa katika mipangilio ya sauti. Bafa ya sampuli 1024 huchelewesha kama sehemu 23 za elfu ya sekunde. Ya 128, kama 3 tu.

Stima hupotea bila kubisha hodi, kwa hivyo hifadhini kazi kila mara, na nakala moja ikae kwenye flashi kwa mweka hazina.

Mwisho, mpiga ngoma asiachwe nje. Yeye ndiye akae mbele ya kompyuta, kwa sababu ndiye anayejua pigo linaingia wapi. Wimbo wetu wa pili tuliufanya hivyo. Wazee waliusikiliza, na safari hii hawakuuliza ngoma ni ya nani.