Kijani Kisicho na Majani: Rangi na Mwinuko katika Ramani

Katika ramani nyingi za kimaumbile za Kenya, mji wa Lodwar huzungukwa na rangi ya kijani ilhali Limuru hupakwa kahawia. Anayezifahamu sehemu hizo mbili hana budi kushangaa, kwani Lodwar ni nyika kavu na Limuru ni makao ya majani chai. Hata hivyo, mchoraji hajakosea. Rangi hizo hazisemi lolote kuhusu mimea. Zinaeleza mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Lodwar iko kwenye takriban mita 500, nayo Limuru hupita mita 2,000.

Mchoraji huanza kwa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Nafasi iliyo baina ya kontua mbili teule hupakwa rangi moja: aghalabu kijani kwa nyanda za chini, kisha manjano, kisha kahawia inayozidi kukolea, na pengine nyeupe kwenye vilele kama vya Mlima Kenya (mita 5,199). Ikumbukwe kuwa rangi hubadilika ghafla mahali ambapo ardhi yenyewe huenda inapanda polepole. Mpaka wa rangi si genge.

Utaratibu huu ulikomaa Ulaya katika karne ya 19. Franz von Hauslab wa Austria alishikilia kwamba kadiri ardhi inavyoinuka ndivyo rangi inavyopaswa kukolea. Naye Mjerumani Emil von Sydow alitumia kijani kwa nyanda za chini na kahawia kwa milima. Katika Ulaya ya kaskazini, ambako nyanda za chini zina nyasi na mashamba, uteuzi huo haukumpotosha msomaji sana. Taabu ilizuka ulipovikwa Turkana, au bonde la Danakil nchini Ethiopia, ambalo liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari na ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi duniani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, taabu hiyo ni maradufu. Neno 'kijani' limebeba 'jani' ndani yake. Mwalimu anaposema "sehemu za kijani", tayari ameshataja majani kabla hajaeleza mwinuko. 'Kahawia' nayo imetokana na kahawa, na hapa lugha imesaidia kwa bahati tu, maana kahawa ya Kenya hustawi zaidi katika nyanda za juu. Isitoshe, katika ramani za topografia za Kenya za kipimo cha 1:50,000, kijani huonyesha mimea kwelikweli, huku mwinuko ukielezwa kwa kontua za kahawia. Mwanafunzi mmoja hukutana na ramani zote mbili katika somo lile lile. Istilahi 'rangi za mwinuko' ingemfaa kuliko 'rangi za ramani', mradi aanze kwa kusoma ufunguo.