Selimundu: Jeni Hurithiwa, Lakini Husomwa Lini?

Mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na mama huzaliwa na kasoro hiyo karibu katika kila seli yake, lakini miezi ya mwanzo mara nyingi hupita bila vidole kuvimba wala mifupa kuuma. Wazazi wengi hudhani ni bahati. Sivyo: maelekezo kuwemo mwilini ni jambo moja, seli kuyasoma ni jambo jingine.

Tuanze na kasoro yenyewe. Protini inapohitajika, kipande cha DNA hunakiliwa kuwa RNA ndani ya kiini cha seli, kisha nakala hutoka hadi kwenye ribosomu, inayoisoma herufi tatu tatu. Kila tatu huita amino asidi moja. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, una amino asidi 146. Katika nafasi ya sita, GAG huita asidi ya glutamiki. Kwenye selimundu A imekuwa T, ikawa GTG, na ribosomu, isiyo na namna ya kujua kwamba nakala ni mbovu, huweka valini. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha badiliko hilo la amino asidi, huko Cambridge, miaka ya 1950. Himoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni hugandamana, chembe nyekundu ikajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Kama herufi moja yatosha kuleta yote hayo, atauliza mtu, si jeni ndiyo hukumu? Damu ya kichanga inakataa. Tangu tumboni, uzalishaji wa himoglobini hutegemea jeni nyingine, ya mnyororo wa gama, isiyo na kasoro hiyo. Ya beta huchukua nafasi taratibu, na hapo ndipo maumivu huanza. Gama haifutiki, hunyamazishwa tu. Ndiyo maana tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, haisahihishi ile herufi: huvuruga sehemu ya jeni ya BCL11A, inayoinyamazisha gama. Pingamizi la bei, zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani, halina jibu kwa sasa. Lakini haidroksiurea, dawa ya kumeza, nayo huiamsha gama kwa kiasi. Utafiti wa REACH uliofanywa Angola, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliochapishwa 2019, uliona watoto wakipungukiwa na maumivu, malaria, hata vifo baada ya kuianza, na ile T ikiwa palepale.