KUINUA PLAU SI KAZI YA MGONGO

Kama wewe ni mzaliwa wa Kitui au Makueni, huna haja ya kuelezwa plau ni nini. Lakini umewahi kujiuliza swali hili: ikiwa wanaovuta ni ng'ombe, mbona jioni anayelalamika mgongo ni mtu aliyeshika mishikio?

Jibu haliko katikati ya shamba. Huko plau hujiendea ndani ya udongo na kazi yako ni kuinyoosha tu. Jibu liko mwisho wa shamba, pale ng'ombe wanapogeuzwa. Hapo plau haina budi kutoka ardhini, izungushwe, kisha irudishwe kwenye mkondo mpya. Wengi wetu huikumbatia na kuibeba mzimamzima kama gunia la mahindi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme shamba lako liko kati ya matuta mawili ya fanya juu, na upana wake ni mita 10. Plau ikikata sentimita 20 kila safari, utapata mikondo 50, yaani kugeuka kama mara 50. Ukiwa na vipande vitano vya namna hiyo, umeinua plau mara 250! Tuseme plau hiyo ina kilo 36. Hata mbeba mizigo wa sokoni angeomba apumzike.

Sasa tufanyeje? Kwanza, tukumbuke somo la wenzo. Ukitaka kung'oa jiwe kwa mtaimbo, huuvuti mtaimbo juu. Unauegemeza kwenye kijiwe kidogo, kisha unabonyeza chini upande wako, na jiwe lenyewe linainuka. Plau nayo ni mtaimbo. Egemeo lake ni kisigino, ile sehemu ya nyuma inayoburura chini ya mkondo. Uzito mwingi uko mbele ya kisigino, na mishikio iko nyuma yake.

Kwa hivyo, zikibaki hatua mbili kufika mwisho, usiinue mishikio. Ibonyeze! Ukiiinua, ncha ya plau inazama zaidi. Ukiibonyeza, ncha inaelekea juu, na kwa kuwa ng'ombe bado wanatembea, wao wenyewe wataitoa plau ardhini. Baada ya hapo ilaze ubavu, upande wa lile bapa la kupindua udongo, iteleze juu ya ardhi ng'ombe wakigeuka. Hujabeba kitu.

Hesabu yake ni hii. Plau ya kilo 36 ina uzito wa niutoni 360 hivi. Tuseme uzito huo uko sentimita 30 mbele ya kisigino, na mikono yako iko sentimita 90 nyuma yake. Nguvu unayohitaji ni 360 mara 30, gawa kwa 90: niutoni 120 tu, theluthi moja. Mishikio ikirefushwa ifike sentimita 120, zinabaki niutoni 90. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kuirefusha, lakini asizidishe. Mishikio mirefu mno itakusumbua kugeuka kwenye shamba jembamba, hasa kule milimani Mbooni.

Pili, punguza mzigo usio wa lazima. Bapa lenye kutu hushika udongo, hasa ule mweusi wa mfinyanzi, nawe unainua plau pamoja na kilo za matope. Likwangue kila unapopumzika. Msimu ukiisha lioshe, lipake mafuta machafu ya injini na uiweke plau mahali pakavu.

Tatu, angalia mnyororo. Ukiwa mrefu kupita kiasi, plau huzama sana na kuitoa inakuwa vita. Fupisha pete moja au mbili ujaribu tena.

Pengine utauliza, mbona tusifunge uzito upande wa pili, kama lile jiwe linalofungwa kwenye mkia wa kizuizi cha barabarani ili askari akiinue kwa mkono mmoja? Wazo ni zuri, ila kizuizi hakivutwi na mtu. Plau huvutwa na ng'ombe, na mwezi wa Oktoba, baada ya kiangazi kirefu, ng'ombe wetu huwa wamekonda. Kilo unayoongeza kwenye plau ni kilo unayowaongezea wao.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Marekani na Kanada watu hufunga bapa la chuma mbele ya trekta ndogo za bustani ili kusukuma theluji. Zile ambazo bapa lake huinuliwa kwa mkono huchosha vilevile, na wenyewe hurefusha wenzo au hufunga springi ya kusaidia. Mashamba makubwa nayo yalipata nafuu kutoka kwa Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland. Trekta yake ya TE20, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, iliinua plau kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na injini. Dereva alisogeza mkono tu.

Sisi ambao hatuna trekta tuna akili, na wahenga walisema akili ni mali. Jambo hili si mchezo. Katika nyumba nyingi za Ukambani baba yuko kazini Nairobi au Mombasa, na anayeshika plau ni mama, au ni mimi na wewe siku ya Jumamosi. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi, nayo haimngojei mtu mwenye mgongo mbovu. Siku mbili za kulala kitandani zaweza kuwa debe kadhaa za mahindi na pojo zilizopotea.

Basi, ndugu yangu, utakapofika nyumbani mwonyeshe mama jambo hili moja: mwisho wa mkondo, bonyeza, usiinue. Shime!