Tulinde macho nyumbani

Hapa Kayna tunapasua kuni, tunaponda mawe, tunachanganya simenti. Kila kazi hiyo yaweza kurusha kitu jichoni.

Kumbukumbu la Torati 22:8 lamwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo darini, mtu asianguke. Kuzuia ajali ni upendo. Basi tuvae miwani ya kujikinga, na watoto wakae mbali na shoka.

Simenti au chokaa ikiingia jichoni, tuoshe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha twende hospitali. Kitu kikichoma jicho, tusikichomoe, tusisugue, wala tusitie maji ya majani. Tulifunike bila kulikandamiza, tuende siku ileile. Jicho ambalo lingepona hupofuka tukichelewa.