Uchoraji wa Herufi Zilizojazwa Ruwaza katika Somo la Sanaa

Katika uchoraji wa herufi zilizojazwa ruwaza, mwanafunzi huchora kwa penseli mstari wa nje wa herufi kubwa, kisha huigawa herufi hiyo katika sehemu ndogondogo na kuzijaza mistari, nukta au maumbo yanayojirudia. Ingawa zoezi hili huonekana jepesi, ndani yake mna mgongano wa msingi: herufi hudai kusomeka, ilhali ruwaza hudai kutazamwa. Mathalani, herufi B hutambulika kwa matundu yake mawili. Yakijazwa ruwaza ileile iliyomo mwilini mwake, umbo lake humezwa. Kwa hiyo, matundu na usuli huachwa wazi, au hupewa ruwaza nyepesi zaidi. Suluhisho la aina hii hudhihirika katika kanga, ambapo jina, yaani maandishi yake, kwa kawaida hutengewa nafasi isiyo na mapambo, huku mji na pindo vikibeba ruwaza. Hivyo basi, mwalimu anayetoa alama kwa kuzingatia wingi wa mapambo pekee humtuza mwanafunzi aliyeificha herufi, na kumwadhibu aliyejua mahali pa kuiacha karatasi ikiwa nyeupe.