Ratili Moja na Mbili

Kule Kayole au Umoja, mgonjwa mahututi akiweweseka, jamaa hunong'ona kwamba amepagawa. La, ubongo wake umeelemewa na maradhi pamoja na dawa. Midazolamu, dawa ya kumtuliza mgonjwa, huzidisha hatari hiyo. Nayo hujificha katika mafuta ya mwili, hivyo hukawia kumtoka mtu mnene. Sembuse uzito wenyewe ukikisiwa kwa macho!

Kipimo kilichochapishwa Marekani mwaka 2001 huuliza, miongoni mwa mengine, kama ratili moja ina uzito kuliko ratili mbili. Ratili! Kijana aliyelelewa kwa Sheng na kilo akibabaika, kilichompotea ni akili au lugha? Walimu wenzangu, maswali hayo ni manne tu: zoezi la tafsiri la kipindi kimoja darasani.